Barua ya wazi kwa wakubwa wa reli: Kilimanjaro imefika Moshi ikiwa na sentimita 36, sasa tunaomba michoro ya kichwa cha dizeli cha 88

Wakubwa wetu wa reli, kuanzia makao makuu Dar mpaka mnaosimamia hii njia yetu ya Tanga, Moshi na Arusha, shikamooni wale wa shikamoo, na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi simu tu hapa Moshi, sio mfanyakazi wa reli na sina ndugu huko, ila nina ugonjwa wa treni tangu utotoni na haujapona, na mkitaka kucheka chekeni lakini someni mpaka mwisho kwasababu ninachoomba hakina gharama kubwa na hakihitaji kusubiri bajeti.

Ombi lenyewe naliweka hapa juu ili msihangaike kulitafuta. Toeni michoro na vipimo vya vichwa vya dizeli vya reli ya mita moja (ile ya zamani, mita moja kati ya chuma na chuma), hasa zile za klasi ya 88 na 73, pamoja na mabehewa yake, muiweke wazi kila anayetaka aione na aipakue, kabla hivyo vichwa havijachoka kabisa vikaenda kukatwa vyuma chakavu. Basi. Sasa ngoja niwaeleze kwanini hili jambo limenishika wiki hii.

Kuna kichwa cha treni nilikuwa nakisubiri. Kidogo, cha mezani. Kwa ambao hamjakutana na haya mambo, duniani kuna watu wengi tu, watu wazima wenye familia zao, wanaotengeneza na kuendesha treni ndogo ambazo kila kitu kimepunguzwa kwa kiwango kimoja, hii yangu ni moja kwa 87, yaani mita 87 za treni ya kweli zinakuwa mita moja mezani, na reli yetu ya mita moja inatakiwa iwe na upana wa milimita 11 na nusu hivi ila viwanda vimeamua iwe 12 na maisha yanaendelea. Sio toi hilo. Mimi nimejenga kwenye chumba cha nyuma ya ofisi, juu ya plaiwudi, kipande cha kutoka Hedaru mpaka Kahe, milima ya Upare nimeifinyanga kwa magazeti na jipsamu, mkonge nimeutengeneza kwa waya za chaja zilizokufa (hizo kwangu haziishi) na ukutani kijana mmoja anayechora mabango amenichorea Kilimanjaro, akaweka theluji nyingi kuliko iliyobaki sasa hivi lakini nimemwachia.

Tatizo langu miaka yote limekuwa ni kichwa. Reli ninayo, milima ninayo, kinachovuta ndio sina. Nilikuwa natumia kichwa cha umeme cha Uswisi, chekundu, kizuri sana tu, kinapita Makanya katikati ya mkonge kana kwamba kimepotea njia, na watoto wa mtaani wanaokuja Jumamosi kuangalia wananiuliza mjomba hii nayo ni mchongoko? Wao mchongoko wanaijua kwenye simu, ile ya SGR ya Dar na Dodoma, hawajawahi hata kuipanda, lakini kwao treni ni hiyo.

Sasa huko Ulaya jamaa wachache wenye karakana yao ndogo wakatangaza wanatengeneza Garratt, injini kubwa ya mvuke, ya klasi ya 59 ya East African Railways (EAR), reli ya Afrika Mashariki ya zamani. Niliposoma nikaacha simu ya mteja wazi mezani. Nyie wakubwa mnazijua hizi mashine, ila barua ni ya wazi, kuna wasiozijua, niwape kidogo.

Zilikuwa 34. Zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252 ikiwa imejaa maji na mafuta, na kwenye reli ya mita moja hakuna injini ya mvuke iliyozizidi nguvu. Mtindo wenyewe aliubuni Mwingereza Herbert William Garratt mwanzoni mwa karne iliyopita, alichofanya ni kuchukua boila moja kubwa akaining'iniza katikati ya injini mbili, moja mbele imebeba tangi la maji, nyingine nyuma imebeba mafuta na maji mengine, kwahiyo chini ya boila hakuna magurudumu ya kubana, unaweza kuinenepesha unavyotaka, uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi na ikifika kwenye kona inajikunja sehemu mbili. Ndio maana zilifanya kazi sana Afrika, kwenye vilima, kona na reli nyembamba.

Halafu kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Kenya, Mount Elgon, Mount Meru, Mount Hanang, Mount Monduli, Mount Longido, yaani ukisoma orodha ni kama unapanda basi la Arusha unaangalia dirishani. Na yenye namba 5928 ikaitwa Mount Kilimanjaro.

Sasa hapa ndio pananiuma kidogo. Hiyo Kilimanjaro kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi. Ekseli zake zilibeba kama tani 21 kila moja na huko ndiko kulikuwa na reli ya kuhimili huo mzigo, yetu ya Tanga ilikuwa nyepesi. Jina la mlima wetu limepanda na kushuka Voi na Mtito Andei miaka 20 na zaidi, sisi tunaokaa chini ya mlima wenyewe tukawa tunasikia tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mvuke ukaisha, Garratt zikakatwa. Katika zile 34 zimebaki mbili na zote ziko makumbusho ya reli Nairobi, nazo ni 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai iko Longido. Shengena iko Same, juu ya Chome huko. Wakenya wamezitunza na nawapa heshima yao, sina wivu, au ninao kidogo.

Kwahiyo mtu akisema anatengeneza 5928 hata kama ni ya sentimita 36, mimi naweka oda. Bei sitaji humu.

Kusubiri sasa. Anayejua hii kitu anajua kwamba kusubiri ni nusu ya mchezo wenyewe, unalipa kianzio halafu unakaa. Wakasema mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka ukapita wakatuma picha za kebini peke yake, kijivu, haijapakwa rangi, nikaikuza hiyo picha kwenye simu mpaka ikawa vidoti. Wakasema masika. Masika ya kwao sio ya kwetu, hilo nalo lilinichanganya, mvua zetu zimeisha kule ndio kwanza majani yanachipua. Wakabadilisha fundi wa kusubu magurudumu, wakasogeza tena. Mimi huku naandaa mazingira, nikapanua kona ya Lembeni, nikaondoa nguzo za simu upande mmoja, nikatengeneza tangi la maji la station kwa kopo la dawa ya mswaki, mke wangu akawa anauliza huyo mgeni anakuja lini maana chumba kimefagiliwa kuliko sebule.

Mwisho ikaja na mpwa wangu anayesoma huko, niliwaambia wasiitume, nikamwambia yeye aende akaichukue na aibebe mkononi kwenye ndege. Kwenye uwanja mmoja wa njiani wakamfungulisha boksi, wakaangalia kwenye mashine wakaona chuma kirefu kina magurudumu na waya, akaulizwa ni nini akasema ni treni ya mjomba, wakacheka wakamwachia. Akafika KIA usiku. Nilikuwepo uwanjani kabla ndege haijatua na nina uhakika dada yangu anadhani nilienda kumpokea mtoto wake.

Basi, maoni yangu ya mwanzo, na hapa mnivumilie.

Kitu cha kwanza ni uzito. Unalishika boksi unajua humu kuna kitu. Chasi ni shaba na chuma, matangi na boila ni rezini iliyochapwa na ile printa ya 3D, na wamesugua vizuri, ile mistari ya printa huioni labda uitafute chini ya tangi la nyuma. Rangi ni ile maruni ya EAR, na maruni ni mtego, ikizidi wekundu kidogo unapata basi la shule na ikizidi weusi unapata kahawa, hawa wamepatia. Namba na jina vimechongwa kwenye kibati cha shaba, niliweka chini ya darubini ninayotumia kurekebishia bodi za simu, MOUNT KILIMANJARO, kila herufi inasomeka, na nilikaa hapo muda mrefu kuliko inavyostahili kwa mtu mwenye wateja nje.

Ngazi za pembeni ni nyembamba mno. Nzuri, sahihi, lakini ukiishika vibaya imekwenda, na ndani ya boksi hawajaweka za akiba, hilo nimewaandikia.

Bomba la moshi lina ile shepu ndefu iliyobanwa, sio la mviringo. Hiyo ni ejekta ya Giesl, ya yule Mwaustria Adolf Giesl-Gieslingen, kifaa cha kusaidia injini kuvuta moshi vizuri na kupunguza mafuta, EAR walikuja kuzifunga baadae kwenye hizi 59. Kwahiyo jamaa wametengeneza Kilimanjaro ya miaka ya 60 kuendelea, sio ile iliyotoka kiwandani. Mimi kwangu ni sawa kabisa, nilichopenda ni kwamba wameamua, maana kuna watengenezaji wengine wanachanganya bomba la mwaka huu na taa za mwaka ule na wewe ukiuliza wanakwambia hakuna atakayeona. Tunaona.

Kutembea. Ina mota mbili, moja kila injini, na mwendo wa chini ni wa ajabu, ukiifungulia kidogo tu zile fimbo za pembeni zinaanza kujivuta pole pole mpaka unasahau kupumua. Na kwa kuwa mota ni mbili hazishikani, ya mbele inaanza sawa na ya nyuma halafu taratibu zinaachana, halafu zinakutana tena, ambavyo ndivyo Garratt ya kweli ilivyokuwa kwasababu injini zake mbili hazikuunganishwa. Nikaipeleka Hedaru, Makanya, Same. Kwenye kona ya Lembeni pamoja na upanuzi wangu wote boila ikagusa ukingo wa platifomu, unajua Garratt kwenye kona matangi yanafuata reli lakini tumbo linakatiza kwa ndani, kwahiyo platifomu ya Lembeni nimeikata milimita nne na abiria wavumilie. Kiunganishi cha mbele kimekaa juu kidogo hakishiki mabehewa yangu. Umeme ukakatika inapanda Kisangara, hiyo sio kosa lao.

Jumapili nikamleta Mzee. Jina lake naliacha, anakaa karibu na kota za reli, ni mstaafu, alianza kazi kijana mdogo enzi za Jumuiya akiwa msaidizi wa dereva upande wa kuangalia moto, na moto wenyewe kwenye hizi mashine ulikuwa wa mafuta mazito, sio kuni wala makaa ya koleo. Nikamwekea kiti, nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia kwasababu alishaiona. Hakusema kitu. Akaizunguka meza kwa mkongojo mpaka upande wa pili. Nikawasha na sauti, maana ina spika ndani ya tangi la nyuma, nikajua sasa atafurahi.

Akasikiliza, akasema, "Zima."

Nikazima.

"Hii inapumua pua moja. Hii mashine ina watu wawili ndani, huyu wa mbele na huyu wa nyuma, wanaongea pamoja, halafu wanapishana, halafu wanarudi pamoja. Ukiwa umelala kota unajua ni Garratt kabla haijafika sababu ya hiyo kupishana. Hapa mmeweka mmoja."

Na ni kweli! Magurudumu yanaachana vizuri kabisa lakini chipu ya sauti ina mdundo mmoja tu. Mimi nimekaa na hiyo mashine siku kadhaa naitazama kwa darubini sikusikia. Nimewaandikia jamaa wa karakana, wamejibu siku hiyohiyo kwamba wanatengeneza faili jipya la sauti na wakaomba Mzee awaeleze zaidi, kwahiyo sasa hivi Mzee anarekodi voisi noti kuelekeza Wazungu jinsi Kilimanjaro ilivyokuwa inapumua na anadai soda kila rekodi.

Sasa wakubwa, niulizeni hawa jamaa walijuaje kila msumari ulikaa wapi wakati hii mashine ilishakatwa zamani na wao wengine hawajawahi kukanyaga Afrika? Niliwauliza mimi. Michoro. Beyer Peacock walifunga kiwanda 1966, kampuni ilikufa, lakini michoro yao haikutupwa, iko Manchester kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda, mtu anaomba anaona. Kiwanda kimekufa, injini imekufa, karatasi ziko hai na kwasababu hiyo mimi fundi simu wa Moshi nina Kilimanjaro mezani. Na kule York, makumbusho ya taifa ya reli ya Waingereza inatoa nakala za michoro ya injini zao kwa yeyote anayehitaji.

Sasa tuje kwetu. Hii njia yetu ilianza Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, ikafika Arusha 1929. Ikalala miaka mingi bila abiria, mkaifufua nyie wenyewe, treni ya abiria ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata, na hilo sijasahau maana nilikuwepo kwenye umati wa station na watu wazima walikuwa wanalia. Kilichoivuta ni dizeli. Sio Garratt, sio mchongoko, ni dizeli ya reli ya mita moja, kichwa kile kile cha pua fupi chenye masizi ubavuni ambacho mtoto wa Kahe anakipungia mkono. Hicho ndicho kichwa chetu. Na hicho ndicho ambacho mimi siwezi kukipata kwa moja ya 87 popote duniani.

Hizo 88 zilitengenezwa Montreal kule Canada na kiwanda cha MLW (Montreal Locomotive Works) mwanzoni mwa miaka ya 70. Hicho kiwanda nacho kilishafungwa. Baadhi ya hizo mashine nyie mmezifumua mkazijenga upya kwenye karakana ya Morogoro, kazi ya mafundi wetu, kwahiyo hata kama mchoro wa Canada upo kwenye kabati la mtu, mashine iliyopo leo relini sio ile ya kwenye mchoro, ni ya Morogoro. Mmebadilisha milango, feni, taa, kebini. Hayo mabadiliko yapo kwenye vichwa vya mafundi wenu na kwenye makaratasi yenu, basi, hakuna sehemu nyingine. Na zile 73 za India hivyohivyo.

Na muda haupo upande wetu, mnajua kuliko mimi. Serikali imeshasema SGR itakuja mpaka Tanga, Arusha na Musoma, na ikija mimi nitakuwa wa kwanza kukata tiketi, sitaki mtu anielewe vibaya, reli ya upana wa milimita 1,435 yenye umeme wa kilovolti 25 na mwendo wa kilomita 160 kwa saa naitaka jana. Lakini siku ikifika hivi vichwa vya mita moja vitaegeshwa, vitaota majani, na siku moja atakuja mtu na gesi ya kukatia, kama walivyofanyiwa wale 32 waliokuwa na majina ya milima. Wakati huo tukisema jamani tupimeni kwanza, tutapima nini.

Najua kuna atakayesema habari za usalama, kwamba michoro ya reli haiwezi kutolewa hovyo. Sawa, sijaomba michoro ya madaraja wala signo wala mitambo ya mawasiliano. Nimeomba urefu wa kichwa, upana, kimo, umbali wa ekseli na ekseli, dirisha liko wapi, feni ina mapanga mangapi, na rangi mnayopaka ni namba ngapi kwenye kopo. Hayo adui gani ana shida nayo? Kichwa chenyewe kinapita katikati ya soko mchana kweupe.

Mwingine atasema watu wenyewe wa hivi vitu wako wangapi. Wachache, nakubali. Hapa Moshi na Arusha tunajuana wote na tunatosha kwenye hiace moja na nafasi inabaki. Ila kuna kijana Arusha ana printa ya 3D, anatengeneza vipuri vya blenda na pampu na anaishi kwa hiyo, anasema akipewa vipimo vya kuaminika anatoa bodi (umbo la nje) ya 88 kwa wiki. Pale Arusha Technical College na VETA Moshi kuna vijana wanafundishwa kusoma mchoro wa mashine kwa kutumia pampu ya maji ya kwenye kitabu cha zamani, wapeni mchoro wa kichwa kinachopita nyuma ya darasa lao muone watakavyousoma. Na walimu wa watoto wadogo sisemi, njooni Jumamosi kwenye chumba changu muone mtoto wa darasa la tatu anavyopanga mabehewa kwa uzito bila kuambiwa na mtu.

Na kama michoro haipo au imeliwa na mchwa, semeni tu, hatutawasema. Tupeni siku moja kichwa kikiwa kimelala kwenye matengenezo, mtuwekee msimamizi, tuvae hizo reflekta na helmeti, tuje na tepu na kamera tupime wenyewe halafu nakala tuwaachie nyie. Mzee ameshasema atakuja na mkongojo wake na atakaa kwenye kiti.

Kuna ombi la pili dogo nilitaka kuweka, kuhusu chumba kimoja cha wazi pale station ya Moshi ili meza yangu ihamie huko na abiria waione wakisubiri treni. Nalitaja tu. Tukianza kulijadili hili la kwanza litasahaulika, nawajua watu wa maofisini, mnapenda kujibu ombi lililo rahisi.

Kama jibu ni ndio, utaratibu wetu uko hivi. Tutaanza na 88 moja, ile yenye namba mtakayoichagua nyie, kwa rangi ilizonazo leo, na masizi yake, hatutaisafisha. Nyuma yake behewa la daraja la tatu na behewa la mizigo. Kabla hatujazionyesha kwa mtu yeyote tutazileta ofisini kwenu Moshi mafundi wa Morogoro wazikague, wakiona feni imekosewa waseme, tutarudia. Halafu moja inabaki kwenu, bure, mkaiweke mezani kwa meneja. Ila chonde, atakayeipokea asiishike kwenye ngazi.

Wenu,
fundi simu, Moshi